Sahihi Yangu Chini ya Wiki ya Pili

Walisema sitaweza. Shemeji yangu alisema mtu aliyekaa miaka kumi na minne Maskati akipanga masanduku ya dawa katika stoo ya hospitali hawezi kurudi Mombasa akaketi na watu wazima na kuwauliza habari za nyoyo zao. Fundi Shee, mshona viatu ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wetu, alisema hapa Mji wa Kale mwenye shida huenda kwa sheikh au kwa mamake, na akishindwa kote hunyamaza. Mtu wa tatu hana kazi. Na mhadhiri mmoja, daktari wa vitabu, aliyekuja kukagua chumba chetu kabla ya chuo chake kuniletea wanafunzi wa saikolojia, aliniuliza mbele ya watu: "Wewe una stashahada. Hawa wanasomea shahada. Utawafunza nini?"

Nilimjibu kwamba nitawafunza kunyamaza. Hakuliandika jibu hilo kwenye karatasi yake. Leo nimestaafu, na wanafunzi wangu wengine wameajiriwa kwenye idara yake mwenyewe, kwa hivyo naliandika mimi.

Nawaandikia nyinyi mnaopokea wanafunzi kwa wiki kumi na mbili za mafunzo ya kazini, mkawatilia sahihi na kuwarudisha chuoni. Habari za mshahara na vyeo nitaziruka. Mshahara ulikuwa haba, na cheo nilijipa mwenyewe. Yaliyobaki ndiyo kazi.

Stashahada yangu ya ushauri nasaha niliisoma Maskati jioni baada ya zamu, kwa miaka minne, na hakuna aliyenishika mkono. Stoo ile ilinifunza jambo ambalo wenye shahada hawalipati darasani: kila sanduku lina karatasi inayosema kilichomo, na mara moja katika kumi karatasi husema uongo. Nilizoea kufungua. Nilirudi nyumbani na tabia hiyo, na sikuona sababu ya kuiacha. Mtu akiniambia yuko salama, mimi husema alhamdulillahi, kisha hutazama vidole vyake.

Aliyenipa mlango wa kwanza ni Bi Rukia, muuguzi mkuu mstaafu, mjane, aliyekaa ghorofa ya juu ya nyumba yake pale Kibokoni. Chini palikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja, na mbele yake daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza mbili za mawe, ulio wazi kwa kila apitaye njiani. Bi Rukia aliniazima chumba, na juu ya chumba akaniazima zulia. Lilikuwa jekundu, zito, marehemu mumewe alilileta kutoka safari za bahari alipokuwa baharia. Sharti lake lilikuwa moja.

"Zulia hili halijakanyagwa na kiatu tangu liingie nyumba hii," aliniambia. "Na wewe hutakuwa wa kwanza."

Nikabandika karatasi mlangoni: Vua viatu hapa. Wala haikuwa na haja. Mtu wa Mombasa huvua viatu mlangoni hata akiingia kuzima moto.

Kila kitu kingine kilikuwa cha kuazima vilevile. Benchi la kungojea lilitoka madrasa ya mtaani. Meza na viti viwili vilikuwa vya shemeji yule yule. Nadhani aliniazima ili apate kuwa karibu siku nitakapoanguka. Feni ilikuwa ya Fundi Shee, nzee, yenye mlio wa mashine ya kusaga, na niliipenda kwa mlio huo. Niliiweka karibu na mlango ili maneno ya ndani yasitoke nje. Kabla sijampokea mtu yeyote nilimketisha Bi Rukia ndani, nikamwomba asome gazeti kwa sauti, nami nikasimama njiani kusikiliza. Sikusikia hata neno. Nikasema siri za watu ziko salama, na nilijisifu kwa jambo hilo miaka mingi. Wote walioniazima niliwaambia neno moja: siku nitakayotoka hapa, kila mtu atarudishiwa chake mkononi mwake.

Hao waliokuja kwetu hatukuwaita wateja. Mjini kwetu ukisema teja watu hufahamu mtumiaji wa unga, na aliyekwisha kujikaza akafika mlangoni hapaswi kupokelewa na jina kama hilo. Tuliwaita wageni.

Mmoja wa wageni wa kwanza alikuwa mtembeza watalii pale Ngome ya Yesu, mtu wa makamo aliyekuwa amepoteza usingizi. Mambo yake nimeyageuza kidogo, asijulikane. Siku tatu alinisimulia maisha yake kama anavyowasimulia wazungu habari za ngome: hapa palikuwa na hiki, pale palitokea kile, tafadhali angalieni kichwa mnapopita. Ilikuwa hadithi nzuri, na sikuamini hata nusu yake. Siku ya nne alipomaliza, sikuuliza neno. Nilihesabu pumzi zangu. Nilipofika ya tisa akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba mwanawe wa kwanza alizama na yeye ndiye aliyekuwa akimwangalia.

Tangu siku hiyo nilikuwa na sheria ya pumzi kumi. Mtu akinyamaza, mwanafunzi haruhusiwi kukijaza kimya kile mpaka avute pumzi kumi. Ni jambo dogo, na ni gumu kuliko mtihani wowote. Vijana waliojua majina ya wanazuoni wote wa saikolojia walikuwa wakipasuka kwenye pumzi ya nne.

Siku ya kwanza ya mafunzo sikuwaketisha chumbani. Niliwapeleka Mama Ngina, kule ufukweni, alasiri, kila mmoja akae peke yake karibu na wauza mihogo na madafu, asishike simu, asiulize kitu. Baada ya saa nzima waje waniambie walichoona na walichosikia, bila kuongeza maoni. Wengi walirudi na maoni matupu. Mmoja aliniambia kuwa muuza mhogo alikuwa na huzuni. Nikamuuliza ameonaje huzuni. Akasema alihisi. Nikamrudisha akaangalie tena, na safari hii alirudi akasema muuza mhogo alikuwa akitia chumvi kabla ya ndimu kwa kila mtu, lakini kwa mwanamke mmoja alisahau vyote viwili. Nikamwambia sasa tunaweza kuanza kazi.

Kisha kulikuwa na daftari. Chuo humpa kila mwanafunzi daftari la mafunzo, aandike kila siku alichofanya, na kila mwisho wa wiki msimamizi hutia sahihi. Nyinyi mnaojua kazi hii mnajua jinsi daftari hizo zinavyoandikwa: wiki kumi na mbili zote katika siku mbili za mwisho, kwa kalamu moja, na mkono usiochoka. Mimi hazikunipita. Nilizisoma kama karani wa forodha. Daftari la kweli lina wino wa rangi mbili tatu, lina doa la chai, na maandishi ya Ijumaa huwa na haraka kuliko ya Jumatatu. Nilimkamata kijana mmoja aliyeandika kwamba siku fulani alihudumia wageni watatu na kujifunza mengi, na siku hiyo ilikuwa Idd, chumba kimefungwa, mimi mwenyewe nikiwa kwa dadangu nakula pilau. Nilimuuliza wageni hao aliwapokelea wapi. Akasema labda amekosea tarehe. Nikamwambia labda amekosea kazi. Alirudia mafunzo yote, na baadaye akawa mtu mzuri.

Sifa yangu ilienea. Wanafunzi waliambiana kwamba Maalim Twahir ana macho kisogoni. Sikukanusha.

Bi Rukia ndiye pekee aliyenionya. Alikuwa na desturi ya kushuka saa kumi na birika la chai ya tangawizi, aketi kwenye benchi la madrasa, asikilize mashaka yangu ya siku: nani kachelewa, nani kasema uongo, nani anaonekana kutamani simu. Siku moja funguo za chumba zilipotea, nami nikawaweka wanafunzi wawili mstari kuwahoji. Funguo zilikuwa ndani ya kanzu yangu nyingine. Bi Rukia alikunywa chai yake mpaka mwisho kabla ya kusema.

"Wodini tulikuwa na kanuni, Twahir. Shuku kitu kabla hujamshuku mtu. Kitu hakina uso wa kuvunjiwa."

Niliiandika kanuni hiyo, nikaibandika ukutani ili wanafunzi waisome.

Miaka mingi baada ya hapo, na Bi Rukia keshaanza kushuka ngazi kwa taabu, chuo kiliniletea Kadzo. Alikuwa msichana wa Kigiriama kutoka upande wa Kaloleni, anakaa kwa shangazi yake Kisauni, babake alikuwa mpakuzi wa samaki pale bandari ya Liwatoni. Mtoto wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu, na muhula huo ulikuwa wa mwisho. Akimaliza kwangu, anahitimu. Alinisalimu vizuri, akavua viatu vizuri, na pumzi kumi alizifikia siku yake ya kwanza chumbani. Hilo lilinitia shaka. Hakuna anayezifikia siku ya kwanza.

Shaka ya pili ni kwamba aliandika sana. Wakati wa chai wenzake walipiga soga, yeye alikaa kwenye baraza ya daka, daftari magotini, anatazama njia na kuandika. Shaka ya tatu ni simu: alikuwa akipigiwa kila adhuhuri, akitoka nje na kuzungumza Kigiriama kwa sauti ndogo. Baadaye nilijua ni babake, akimuuliza kama amekula.

Wiki ya sita, mgeni wetu mmoja alikuja macho yamemvimba. Nimebadilisha mengi kumhusu na sitamtaja jina. Alikuwa mke wa mtu, akija kwa siri, amejifunika buibui na uso, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na mambo ambayo hayakupaswa kuendelea. Aliniambia mama mkwe wake amemuuliza alikuwa akitafuta nini kwetu Jumatatu saa tano. Siku ile na saa ile. Wiki iliyofuata mgeni mwingine akasema jirani amempa pole sokoni kwa shida aliyonayo, na yeye hakumwambia jirani yeyote kwamba ana shida. Kisha wa tatu.

Enyi wenzangu, katika kazi yetu hakuna moto mkubwa kuliko huo. Chumba kikishavuja siri, kifungeni mkauze maandazi. Sikulala vizuri. Nilianza kuhesabu nani ajuaye nani anakuja lini: mimi, Bi Rukia, na mwanafunzi mwenye zamu ya kuandika miadi. Muhula ule zamu hiyo ilikuwa ya Kadzo.

Nikatega. Mimi mwenyewe nilimpigia simu mwanamke yule, nikamwambia aje Jumatano saa nne, na miadi hiyo nikamwambia Kadzo peke yake, kwa mdomo, bila kuiandika popote. Mgeni akaja, akaondoka. Ijumaa alinipigia akilia. Mama mkwe alikuwa amemuuliza habari za Jumatano saa nne, na safari hii mbele ya mumewe. Aliniambia hatakuja tena, na hakuja tena.

Kwangu ushahidi ulikuwa umetimia. Siku hiyo hiyo niliandika barua chuoni kwamba mwanafunzi huyu amevunja miiko ya siri za watu, kwamba sitamtilia sahihi, na kwamba kwa maoni yangu hafai kwa kazi hii. Niliipeleka kwa mkono wangu. Mhadhiri yule yule wa zamani alikuwa sasa mkuu wa idara. Aliisoma, akasema mwanafunzi hatahitimu na jambo lake litapelekwa mbele ya kamati. Nakiri kwamba nilitembea vizuri kurudi nyumbani. Mtu wa stashahada alikuwa amekamata kilichowapita wenye digrii zao.

Jumatatu nilimwita Kadzo chumbani. Nilimweleza mtego na barua. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na aliye nguoni mwangu mwaka huu ni yeye. Hakulia. Alinitazama mpaka mimi ndiye niliyejikuta nikisogeza karatasi.

"Maalim, umenisikia nikisema?"

"Sikuhitaji kusikia. Ni wewe pekee uliyejua."

"Na huyo mama mkwe, alijua mke wa mwanawe alisema nini humu ndani?"

Nikamwambia swali si hilo.

"Basi naomba jambo moja," akasema. "Soma daftari langu. Wiki ya pili, Alhamisi. Halafu nitakwenda kwa kamati nikawaambie utakachosema wewe."

Akaliweka mezani, akachukua mkoba wake, akavaa viatu kwenye daka na kuondoka.

Nililifungua nikiwa na hakika kwamba ameongeza kitu. Nilitazama wino kwanza, kwa kuwa ndiyo desturi yangu. Alhamisi ya wiki ya pili ilikuwa na wino wa buluu, sawa na Jumatano. Ijumaa ilikuwa nyeusi. Hakuna kilichochomekwa. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikasoma maneno. Aliandika hivi: "Viatu vya wageni huachwa kwenye daka na vinaonekana kutoka njiani. Wageni wengi wamejifunika uso lakini viatu vyao vinajulikana. Nimemwuliza msimamizi kama wanaweza kuingia navyo kwenye mfuko. Amejibu kwamba zulia si letu na kwamba mwanafunzi hafunzi. Nadhani jambo hili lina hatari."

Chini yake ilikuwa sahihi yangu, na pembeni doa la chai ya tangawizi. Doa hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimekagua wino wa ukurasa ule, nikaridhika, nikatia sahihi.

Hata hapo sikuamini. Mkono wa stoo haukuniacha. Nilitaka kufungua sanduku. Kesho yake nilivuka njia nikamwomba Fundi Shee kigoda, nikasema napunga upepo. Nikafanya kile ninachowafanyisha wanafunzi Mama Ngina: sikushika simu, sikuuliza kitu. Mgeni wa saa tatu akaja, mwanamke, haonekani hata kope. Akavua viatu, akaingia, Bi Rukia akampokea. Fundi Shee alikuwa akichoma sindano kwenye ngozi, wala hakuinua kichwa zaidi ya mara moja.

"Huyo wa nyumba ya pazia la kijani keshafika," akasema, kama mtu anayesema jua limechomoza. "Kile kiatu cha kushoto, ukanda ule nilimtilia mimi mwezi jana. Juzi alikuja na vile vya harusi ya nduguye. Maskini, atakuwa mambo hayajatengenea."

Nikamuuliza tangu lini anajua wanaoingia kwangu.

"Tangu ufungue, Maalim. Mji huu mzima viatu vyake vyapita hapa." Akakata uzi kwa meno. "Mimi simwambii mtu. Watu huja hapa kungojea viatu vyao, wakatazama pale, wakaona wenyewe. Daka lako ni gazeti."

Nilikaa kwenye kigoda kile mpaka miguu ikafa ganzi. Mwanamke aliyejifunika uso wote alikuwa akiuvua uso wake mlangoni pangu, kwa amri yangu, iliyobandikwa kwa maandishi yangu. Mama mkwe alijua nani na lini. Hakujua hata mara moja nini kilichosemwa. Mtu anayevujisha maneno huvujisha maneno. Kadzo aliniuliza hilo waziwazi nami nikamwambia swali si hilo. Miaka yote nilikuwa nimekikagua chumba kwa sikio na sikukikagua kwa jicho, na kanuni ya Bi Rukia ilikuwa ukutani ikinitazama kisogoni, pale palipokuwa na yale macho yangu mashuhuri.

Sasa nilikuwa na njia mbili, na sitawaficha kwamba niliifikiria ile mbaya. Barua ingeweza kubaki. Nani angejua? Viatu ningevihamisha kimyakimya, uvujaji ungekoma, na kila mtu angesema umekoma kwa sababu msichana ameondoka. Ushahidi wangu ungekuwa mzuri zaidi kuliko mwanzo. Nikienda kuifuta barua, ilinibidi nimweleze mhadhiri yule kwamba nilitia sahihi nisichokisoma, na kwamba aliyevujisha siri za watu ni mwenye stashahada. Alikuwa amelingojea jambo hilo tangu siku ile ya kwanza.

Nilimpandia Bi Rukia ghorofani, nikamweleza yote. Nilitarajia atanilaumu. Aliniuliza tu kamati inakaa lini. Nikasema kesho asubuhi.

"Basi oga mapema," akasema.

Nilikwenda na daftari. Niliwasomea Alhamisi ya wiki ya pili, nikawaonyesha sahihi yangu, nikawaambia kosa ni la kituo na la msimamizi wake, na kwamba mwanafunzi aliliona katika siku ya tisa ya kazi jambo ambalo mimi sikuliona kwa miaka. Kadzo alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono magotini, hakunitazama. Mhadhiri aliandika mengi kwenye karatasi yake siku hiyo. Kadzo alirudishiwa haki yake, nikamtilia sahihi za wiki zilizopita pale pale, na alama nilizompa mwishoni sijawahi kumpa mtu. Mimi chuo kiliniondolea wanafunzi kwa muhula mzima uliofuata, mpaka nitakapokuwa nimerekebisha. Shemeji yangu alikuja kuangalia kama viti vyake viko salama.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mbao chache. Kadzo alirudi kumalizia wiki zake za mwisho, na Jumatatu moja alikuja na mkokoteni. Juu yake palikuwa na kabati fupi la mvule lenye milango miwili, alilotengeneza mjomba wake Kaloleni. Tuliliweka ndani, mara tu uingiapo, mbele ya zulia. Mgeni akaingia na viatu vyake, akavitia kabatini, akafunga. Zulia halikukanyagwa.

"Nimekuazima tu," Kadzo alisema. "Mpaka kituo kipate lake."

Kituo hakikupata lake. Sikulitafuta.

Kuna jambo moja sikulisema, na nalitaja hapa kwa sababu nyinyi mtafika mahali hapo. Kamati niliiambia. Chuo nilikiandikia. Kadzo mwenyewe sikumwambia chochote. Nilimpa alama, nilimpa barua ya sifa, nilimtilia chai. Kila mara neno lilipokaribia mdomoni nilijiambia kwamba karatasi zimekwisha kusema. Wiki kumi na mbili zilipoisha aliaga kwa adabu, akaondoka, na maisha yakaendelea. Chuo kilinirudishia wanafunzi, na tangu hapo daftari zao nilizisoma maneno kwanza, wino baadaye.

Bi Rukia alifariki, Mungu amrehemu, na mwaka uliofuata wanawe wakaamua kuikarabati nyumba. Nami magoti yalikuwa yamekwisha kuniambia basi. Nikatangaza kustaafu, na asubuhi moja nikamwita mwenye mkokoteni.

Benchi lilirudi madrasa. Mwalimu aliligeuza akalikagua chini, nami nikamheshimu kwa hilo. Meza na viti vilirudi kwa shemeji, ambaye alikubali mbele ya mkewe kwamba niliweza, kisha akasema mguu mmoja wa kiti haukuwa hivyo. Feni nilimrudishia Fundi Shee. Aliiwasha, akausikiliza mlio wake, akasema imeharibika, nikamwambia ilikuwa hivyo tangu aliponipa. Zulia nililibeba begani mwenyewe mpaka ghorofani kwa bintiye Bi Rukia. Alilikunjua, akapitisha kiganja juu yake, na hakukuta alama ya kiatu.

Likabaki kabati. Kadzo sasa ana kituo chake Kisauni, na chuo humpelekea yeye wanafunzi. Tulivuka daraja na mkokoteni, mimi nikitembea nyuma kuchunga milango isifunguke. Aliponiona alicheka, akaita wanafunzi wake wawili walipokee, wakaliweka ndani ya mlango wake. Nilivua viatu. Akaviokota kabla sijamzuia, akavitia kabatini, akafunga milango yote miwili.

"Haya, Maalim. Hakuna ajuaye uko hapa."

Wanafunzi wakatoka. Alinitilia chai, akaketi mkabala nami, mikono magotini, na hakusema neno. Nikamwambia deni lake nimelilipa, kabati lile ndilo la mwisho. Hakujibu. Nikasifu chumba. Hakujibu. Hapo nikafahamu anachokifanya, kwani nilimfunza mimi, na nikaazimia kwamba mbinu zangu hazitanipata mwenyewe. Nikaanza kuzihesabu pumzi. Ya kumi ikapita. Ya kumi na tano ikapita. Hakutikisika, na macho yake hayakuwa na haraka yoyote.

Kwenye ya ishirini na moja nikasema, "Kadzo, nilikudhulumu. Nisamehe."

Alisukuma kikombe karibu yangu.

"Nimekusamehe, Maalim," akasema. "Sasa kunywa, imepoa."

Ilikuwa imepoa kweli. Nilikunywa yote.